Sindano Niliyoiahirisha

Sifa na shukrani ni kwa Mungu Baba, aliyeuanzisha moyo wangu kupiga kabla mama hajajua kuwa amebeba mimba, na ambaye mpaka asubuhi ya leo hajauambia upumzike. Namshukuru kwa pumzi ndefu na kwa pumzi fupi. Namshukuru pia kwa miaka ile ambayo sikuwa na nguvu ya kumshukuru.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa letu hapa Embu. Mwezi uliopita mama mmoja tunayesali pamoja alinifuata baada ya ibada, ameshika kadi ya kliniki ya binti yake. Msichana ana miaka kumi na minne. Madaktari wamesema homa ya viungo imeugusa moyo wake, na kwamba atadungwa sindano kila mwezi kwa miaka mingi. Mama hakuwa na maswali mengi. Aliuliza tu, "Mwalimu, ataishi kama watu wengine?" Nikamwambia nitamwandikia, kwa sababu nikianza kulisema jambo hili kwa mdomo huchoka kabla sijafika mwisho. Ugonjwa wenyewe sitaueleza, hiyo ni kazi ya waliousomea. Nitaeleza jinsi nilivyoishi nao, na kosa nililolifanya.

Nilizaliwa karibu na Karurumo, kifungua mimba katika watoto sita. Baba alikuwa na kahawa kidogo na ng'ombe wawili. Nilipofaulu mtihani nilipelekwa shule ya bweni ya wasichana upande wa Meru, na huko ndiko nilikokutana na voliboli. Nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa kidato changu. Nyumbani urefu ule ulikuwa aibu. Shangazi zangu walikuwa wakiuliza ni nani atakayeoa mlingoti. Shuleni mwalimu wa michezo, Mwalimu Mutwiri, aliniona siku ya kwanza nikitundika nguo kwenye kamba bila kunyoosha mikono, akaniambia saa kumi nifike uwanjani.

Uwanja ulikuwa udongo mwekundu tu. Mistari tuliichora kwa jivu la jikoni, na kila mvua iliponyesha tuliichora upya. Nilipoingia kidato cha tatu nikafanywa kapteni. Wakati huo nilidhani kapteni ni yule anayepaza sauti zaidi na kuruka juu zaidi, na mimi niliyaweza yote mawili.

Aliyetuinulia mipira ili tuipige alikuwa Kanana. Mama yake aliuza ndizi katika soko la Gakoromone, na Kanana alikuwa na ulimi wa sokoni. Akikuinulia mpira ukaupiga nje, alikutazama na kusema, "Nimekuletea chakula mpaka mdomoni, sasa unataka nikutafunie?" Wengine walimwogopa. Mimi nilimhitaji, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mpira ufike wapi ili mkono wangu uukute.

Ugonjwa ulianza na koo. Ilikuwa Februari, vumbi tupu, na nusu ya bweni tulikuwa tunakohoa. Nikasukutua maji ya chumvi, koo likapona, nikasahau. Mvua za Machi zilipoanza, goti la kulia likavimba. Mwalimu Mutwiri akasema ni ule uwanja mgumu. Metroni akanipa mafuta ya kuchua. Baada ya siku tatu goti likatulia na kifundo cha mguu wa kushoto kikavimba, kisha kiwiko. Kanana alisema, "Huo uvimbe wako unatembea kama mpiga kampeni." Tulicheka. Lakini nilikuwa nimeanza kupumzika katikati ya ngazi za bweni, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimeazima mto wa pili kwa sababu nikilala chali nilisikia moyo ukipiga masikioni.

Baba alikuja kunichukua kwenda hospitali. Benchi la pale lilikuwa refu, na kila mgonjwa alipoingia kwa daktari sisi wote tuliobaki tulisogea nafasi moja. Tulisogea hivyo tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Baba alikuwa amevaa koti la kanisani.

"Ni huu mpira," alisema tulipofika katikati ya benchi.

"Si mpira, baba. Ni magoti tu."

"Mtoto wa kuchuma kahawa sijawahi kumwona na magoti kama hayo."

Daktari alisikiliza kifua changu kwa muda mrefu, akaita mwenzake naye akasikiliza. Nililazwa siku hiyo hiyo. Nilikaa kitandani mpaka mwisho wa Aprili, na kitu nilichokiona zaidi ni mikono yangu ikikonda. Niliruhusiwa kwenda nyumbani kwa sharti kwamba nisifanye kazi yoyote mpaka Agosti.

Wenye wagonjwa nyumbani watanielewa nikisema kwamba kukaa bure ni kazi. Mama alinipikia uji wa mawele kila asubuhi na kunitazama mpaka nimalize. Mdogo wangu Marigu alichota maji yangu, akachuma kahawa yangu, akakata nyasi za ng'ombe zamu yake na yangu. Siku moja alitua mtungi mbele yangu akasema, "Mgonjwa ni wewe, lakini mgongo unaouma ni wangu." Mama alimkemea. Mimi nilijua alisema kweli.

Baba alitaka nisirudi Meru. Alitaka nimalizie shule ya kutwa karibu na nyumbani, anione kila jioni. Yeye na mama walizozana juu ya hilo mwezi mzima, kwa sauti ya chini, wakidhani sisikii. Mwishowe daktari ndiye aliyeamua. Alisema ninaweza kurudi Septemba, na Mungu akijalia, mwaka utakaofuata naweza hata kucheza. "Lakini sindano isikose," aliniambia. "Kila wiki nne. Ukikosa, na koo likakurudia, sitakuahidi huo moyo." Baba alinifanya niyarudie maneno hayo mbele yake, kisha akanipa ruhusa.

Kwa hiyo tangu Septemba nikaanza kuhesabu siku zangu kwa wiki nne nne. Sheria ya shule haikuruhusu msichana kutoka peke yake, na metroni akamchagua Kanana anisindikize. Dawa ile ilikuwa nyeupe na nzito kama maziwa ya mgando, na sindano yake nene. Sista aliyedunga alikuwa mama mnene mpole aliyesema kila mara, "Legeza, mami, legeza," na mimi kila mara nikakaza. Kisha alitia tarehe na sahihi kwenye kadi kwa kalamu ya bluu. Siku mbili tatu mguu ulikuwa kama gogo. Darasani nilikalia upande mmoja.

Kutoka kliniki tulipitia Gakoromone. Mama yake Kanana alinitandikia gunia tupu nyuma ya ndizi zake, nijilaze kwa ubavu mpaka maumivu yapungue, akanimenyea ndizi mbivu. Hakuniuliza lolote juu ya moyo. Aliniuliza habari za Karurumo, kama mahindi yameota, kama mvua imefika. Nusu saa ile juu ya gunia, katikati ya kelele za wauzaji, ilikuwa pumziko langu la kweli katika mwezi mzima.

Nilidungwa sindano kumi bila kukosa. Tulipofungua muhula wa pili wa kidato cha nne daktari akaniruhusu kucheza, na Mwalimu Mutwiri akanirudishia ukapteni. Timu ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote. Tukashinda shule jirani zote, mpaka tukabakiwa na mechi ya wilaya, itakayochezwa Jumamosi.

Sindano yangu ya kumi na moja ilikuwa Jumatano ya wiki ile ile.

Nilihesabu kwa vidole. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nikidungwa, nitaruka na mguu wa gogo. Asubuhi ile tulitoka na Kanana na barua ya ruhusa kama kawaida. Tulipofika njia panda ya kliniki nikamwambia, "Leo tupitie sokoni moja kwa moja."

"Na sindano?"

"Nitadungwa Jumatatu. Siku tano zitaniua?"

"Sijui zitakufanya nini. Wewe unajua?"

"Kanana, ni siku tano tu. Tukishinda wilaya tunaenda Embu kwa mashindano ya mkoa. Baba atakuja kuniona nikicheza. Hajawahi kuniona hata siku moja."

Alitangulia mbele yangu mpaka tukafika sokoni. Kisha akasema, "Nitanyamaza mpaka Jumatatu. Jumatatu usipokwenda, nitasema."

Metroni alikuwa na desturi ya kuitazama kadi kila tuliporudi. Kwa hiyo, nikiwa nimekaa juu ya gunia lile lile nililokuwa nikipumzikia, nilichukua kalamu ya bluu nikaandika tarehe, nikaiga sahihi ya sista. Mama yake Kanana alikuwa akimhudumia mteja. Hakuona, ila Kanana aliona. Ndizi aliyonimenyea niliila.

Jumamosi tukashinda. Jumatatu nikasema kwamba mechi ya Embu ni baada ya wiki mbili, na nikikosa mazoezi siku tatu timu itaharibika. Nitadungwa baada ya Embu. Kanana aliweka kitabu chini, akaenda moja kwa moja kwa metroni.

Niliitwa. Metroni alikuwa mama mwenye haki. Aliniuliza mbele ya Kanana kama nilidungwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza maombi ya wasichana asubuhi, na nilikuwa nimetoka huko, Biblia bado mkononi. Nikatoa kadi. Metroni akaisoma, akamgeukia Kanana.

"Hii ni nini?"

"Ameandika mwenyewe."

"Wewe ulikuwa naye. Ulimwona akiandika na hukusema siku ile?"

Hapo Kanana alikuwa ameshikwa. Metroni akanitazama mimi. Nikasema, "Labda anataka ukapteni." Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nimeyaungama mara nyingi.

Kanana akaondolewa kwenye timu, akapewa adhabu ya kupalilia maua ya mwalimu mkuu wiki mbili. Wasichana wakaacha kukaa naye mezani. Walipopita pale anapopalilia walimwambia, "Kapteni, maua yamekusikia?" Nilikuwa miongoni mwa waliopita. Sikuwakataza.

Baridi ya Julai ikaja na ukungu wake, na koo likanirudia. Nikasukutua chumvi.

Tulicheza Embu bila Kanana. Msichana aliyechukua nafasi yake alijitahidi, lakini mipira ilinijia chini au mbali, na mimi niliikimbilia yote. Baba alikuwa amesimama pembeni na koti lake la kanisani. Katika seti ya pili niliruka, nikashuka, na niliposhuka hewa haikuwepo. Nilikaa chini pale pale kwenye mstari. Wenzangu walinizunguka wakisubiri niwaambie la kufanya, kwa kuwa ndivyo nilivyowazoeza, na sikuweza hata kuwaambia wasogee nipate hewa. Baba ndiye aliyenibeba. Sijui mechi iliishaje. Niliambiwa baadaye tulishindwa.

Hapo hospitalini Embu ndipo uongo wangu ulipotaka kuniua. Daktari hakuwa yule wa Meru. Alisikiliza kifua, akashika magoti yangu yaliyoanza kuvimba tena, akaomba kadi. Baba akampa. Akahesabu tarehe kwa ncha ya kalamu. "Hajakosa hata moja," alisema. "Basi huenda si homa ile ya zamani. Tutapima mengine kwanza." Baba akasema kwa fahari kidogo, katikati ya hofu yake, "Mtoto wangu ni mwaminifu, daktari. Hakosi."

Walinitoa damu, wakanipiga picha, wakanisukuma kwenye kiti cha magurudumu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na kila mahali tulingoja. Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Nilijua wanachotafuta, na nilijua hawatakiona haraka, kwa kuwa mimi ndiye niliyekifunika. Bado nilinyamaza. Niliogopa kifo, lakini niliogopa zaidi uso wa baba atakapojua.

Siku ya pili, saa ya kuwaona wagonjwa, mama alifika kutoka Karurumo na chupa ya uji. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaanza kuninywesha kwa kijiko. Nilishindwa kumeza.

"Meza, mwanangu."

"Mama, sikudungwa."

"Hukudungwa nini?"

"Sindano ya mwezi jana. Tarehe ile kwenye kadi niliiandika mimi."

Mama hakulia wala hakunigombeza. Alifunika chupa, akaiweka chini ya kitanda, akafunga vizuri leso kichwani, akatoka. Mama yangu hakuwa na Kiswahili kingi, na madaktari aliwaogopa. Lakini nilimsikia kwenye ukumbi, akimsimamisha daktari aliyekuwa akipita na wanafunzi wake.

"Daktari, ile karatasi ni ya uongo. Imeandikwa na mtoto wangu. Msiisome hiyo. Msome mtoto."

Jioni hiyo hiyo wakaanza dawa iliyostahili. Ninaamini Mungu alinirudishia uhai kupitia kwa mama yule na chupa yake ya uji. Baba alikaa siku nne bila kuzungumza nami, ingawa alikuja kila siku na kukaa kwenye kiti. Siku ya tano alileta machungwa, akanimenyea moja. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile mpaka alipofariki.

Daktari aliniambia mlango mmoja wa moyo sasa hautafunga sawasawa. Nitaishi, alisema, nikijitunza. Ila kuruka kumekwisha. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nililia kwa ajili ya voliboli zaidi ya nilivyolia kwa ajili ya moyo, na sioni haya kulisema, kwa sababu yule msichana wa kanisani kwetu naye atalia kwa ajili ya kitu ambacho watu wazima watakiona kidogo.

Nilirudi shuleni Oktoba, mvua zikiwa zimeanza, baba akinishika mkono langoni. Kwanza nilikwenda kwa metroni nikamweleza yote. Alisema, "Nilimwadhibu mtoto wa watu." Akataka kulitangaza yeye mwenyewe. Nikamwomba aniachie.

Kanana nilimkuta nyuma ya madarasa akisoma. Mikono ilikuwa bado na makovu ya miba ya maua yale.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi. Nimekukosea. Nataka uwe kapteni."

"Kapteni wa nani? Wale hata chumvi hawanipitishii mezani. Usiniletee cheo. Rudisha jina langu kwanza."

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, timu yote ikiwa meza moja na wanafunzi wengine wakisikiliza, metroni aliniwekea kiti mbele, kwa maana sikuweza kusimama kwa muda mrefu. Sauti yangu ya uwanjani haikuwepo tena. Kila sentensi ilihitaji pumzi yake. Ilibidi waache vijiko ili wanisikie. Niliwaambia kwamba Kanana alisema kweli na mimi nilisema uongo. Niliwaambia kuhusu kalamu ya bluu, kwamba nilimwita mwenye wivu ili nisishikwe, na kwamba walipomcheka kwenye maua nilikuwepo, na kapteni alikuwa mimi. Nikamaliza. Sikuwa na pumzi ya kujitetea, na hilo nalo nadhani lilikuwa rehema.

Kisha msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye alikuwa amemcheka kuliko wote, alichukua bakuli la chumvi akalisukuma juu ya meza mpaka mbele ya Kanana.

Kanana akatia chumvi kwenye githeri yake, yale mahindi na maharagwe ya kila siku, akakoroga, akala vijiko viwili bila haraka. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Kesho saa kumi, uwanjani. Mistari imefutika, kila mtu aje na jivu. Na wewe Wawira, uje na kiti. Utakaa pale kwenye mstari ututazame, kwa sababu wewe ndiye unayejua tunakosea wapi. Ila ukipaza sauti nitakurudisha bwenini."

Mashindano ya mwaka yalikuwa yamekwisha. Walicheza tu, jioni kadhaa kati ya mvua moja na nyingine, kabla mtihani haujatufunga sote madarasani. Nilikaa kwenye kiti na blanketi magotini nikiwaambia kwa sauti ndogo: sogea kushoto, mngoje mwenzako, usiuogope. Walikuwa wakija mpaka karibu na kiti ili wanisikie.

Mama mpendwa uliyeniuliza, nilidungwa sindano ile mpaka nilipofika miaka arobaini, na baada ya hapo nilifanyiwa upasuaji mmoja, ambao Mungu aliniponya nao. Nilizaa mtoto mmoja na madaktari wakanikataza wa pili. Nilifundisha wasichana voliboli nikiwa kitini miaka ishirini. Mpaka leo mimi huchoka mapema. Ndiyo, ataishi. Usimfiche mambo, na muulize mara kwa mara ni kitu gani anachokipenda kiasi cha kukudanganya.

Na wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi fulani, ukingoja kusogea nafasi moja, Bwana aliyeketi nami pale aketi nawe. Aupe moyo wako kazi unayoiweza, akupe mtu wa kukuambia kweli na masikio ya kumsikia, na kila wiki ya nne akushike mkono mpaka utoke mlangoni. Amina.